Google: Jina, Kaulimbiu na Wenye Kura

Jina la kampuni si pambo tu. Mara nyingi ni tamko la nia. Katika makala haya tunakusudia kuchambua jina na kaulimbiu ya kampuni ya Kimarekani, Google, ili tuone uhusiano uliopo kati ya maneno mazuri na umiliki.

Google iliundwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Chombo chao cha kutafutia habari katika intaneti kiliitwa kwanza BackRub. Jina jipya lilitokana na neno la hisabati, "googol", yaani 1 ikifuatwa na sufuri 100. Ndani ya jina hilo imo nia ya kupanga habari zote za dunia. Nia hiyo si mbaya. Lakini habari hizo ni jasho la wengi walioandika, waliopiga picha na waliotafiti. Anayezipanga na kupata faida kwa kuuza matangazo ya biashara hana budi kuulizwa: anazipanga kwa manufaa ya nani?

Jibu la kampuni lilikuwa kaulimbiu: "Usiwe mwovu." Mwaka 2004, hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, waanzilishi waliirudia katika barua yao kwa wanunuzi. Lakini katika mpango huohuo, kila hisa ya umma ilipewa kura 1, na kila hisa ya waanzilishi kura 10. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kaulimbiu iligawiwa kwa wote. Uamuzi ukabaki kwa wachache.

Mwaka 2018 wafanyakazi wapatao 4,000 walitia sahihi barua ya kupinga mkataba na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, uliohusu kutumia akili bandia kuchambua picha za ndege zisizo na rubani. Kampuni ikatangaza kwamba mkataba huo hautaongezwa muda, ikatoa na kanuni ya kutotengeneza akili bandia kwa ajili ya silaha. Wako watakaosema kwamba hapo kaulimbiu ilifanya kazi. Sisi tunasema: kaulimbiu iliwapa wafanyakazi hoja, umoja wao ndio uliowapa nguvu.

Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake katika utafutaji wa habari kinyume cha sheria. Februari 2025 ahadi ya kutotengeneza silaha iliondolewa katika kanuni zake. Wafanyakazi waliotia sahihi hawakuwa na kura ya kuizuia.

Hatusemi kwamba kaulimbiu ilikuwa hadaa tangu mwanzo. Huenda waliotunga waliiamini. Lakini imani njema ya mmiliki haitoshi kuwa mlinzi wa umma, kwa sababu hubadilika pamoja na maslahi yake.

Kwa hiyo, ndugu kada na ndugu mwanafunzi, unapoletewa orodha ya maadili ya kampuni yoyote, usiishie kuuliza yanasema nini. Uliza nani anaweza kuyafuta, na nani anaweza kumzuia. Maadili ambayo mwenye mali anaweza kuyafuta peke yake ni hisani, hayajawa haki.