Je, Kalibu ya Meno Hukauka?

Miongoni mwa maneno yatumiwayo kueleza utengenezaji wa meno ya bandia, mawili yanastahili kuhakikiwa: kukauka na mpira. Yote ni Kiswahili fasaha, lakini mahali hapa humpotosha msomaji.

Ili kupata kalibu ya kinywa, daktari huchukua rojo mbili, ya msingi na ya kichocheo, huzikoroga mpaka michirizi ya rangi iishe, kisha huzitia katika kisinia chenye umbo la taya na kuzigandamiza juu ya meno. Baada ya dakika chache rojo huwa kitu chenye kunyumbuka. Hutolewa, na fundi humimina jasi ndani yake. Kusema kwamba rojo hiyo “imekauka” si sahihi. Kinachokauka hupoteza maji. Hapa kemikali zimeungana. Madhara yake huonekana katika aljineti, ambayo ina maji mengi: ikikauka hunywea, na jino litengenezwalo kwayo halitakaa sawasawa kinywani. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kalibu njema ni iliyokauka, atautunzaje unyevu wake?

Kuganda nako kuna kasoro. Maji na samli huganda kwa baridi, ilhali rojo hizi hucheleweshwa na baridi na kuharakishwa na joto. Sisi twapendekeza kushika, neno la waashi: saruji hushika hata ndani ya maji. Atakayesema kwamba kushika maana yake ni kukamata, tutamjibu kwamba mwashi hatatanishwi nalo.

Neno mpira limebebeshwa mengi mno: polisalfaidi, polietha na silikoni za aina mbili. Silikoni ya kwanza hutoa alkoholi inaposhika, ikanywea. Ya pili haitoi kitu, hivyo hudumisha vipimo vyake. Lakini hii ya pili huweza kukataa kushika ikikorogwa kwa mikono iliyovaa glavu za utomvu wa mpira, kwa sababu ya salfa iliyomo. Onyo la kwamba “mpira huharibu mpira” litakuwa kitendawili kwa msomaji. Afadhali mpira libaki kwa zao la utomvu, jamii nzima iitwe vinyumbufu, na kila aina itajwe kwa jina lake.

Tunawaomba madaktari na mafundi wa meno wayapime maneno haya kazini kabla hayajasanifiwa.