Kitabu, Simu na Hukumu Zetu

Pale Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, malori yatokayo Dar es Salaam husimama katika foleni ndefu yakingoja karatasi zao zikaguliwe. Lugha ya foleni hiyo ni Kiswahili. Madereva na matingo wao, mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha na wauza ndizi, wote hukitumia, hata yule ambaye nyumbani kwake hasemi ila Kirundi. Na katika kungoja huko watu husoma. Husoma habari za mpira, mawaidha, salamu za jamaa, na hadithi ndefu ambazo watunzi huzituma sehemu baada ya sehemu, msomaji akabaki roho juu akingoja kesho. Husoma kwenye simu. Kitabu ni nadra kukiona.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu wa elimu na nia njema, alipita hapo akatuambia baadaye kwamba mpakani hakuna asomaye. Tulipomkumbusha zile simu alijibu kuwa kusoma ni kusoma kitabu. Mengine ni kupitisha wakati. Vijana nao wana hukumu yao: wakimwona mzee na kitabu chake kilichovikwa jalada la gazeti, humcheka na kumwita mtu wa kale. Hukumu zote mbili zastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo shairi, lakini ya kwanza ndiyo nzito zaidi, kwa sababu hutolewa na sisi wenye chaki mkononi.

Mwenye kusema kwamba fasihi ya Kiswahili makao yake ni kitabu kilichopigwa chapa amesahau umri wa fasihi hiyo. Utendi wa Tambuka, ambao mwaka wake hutajwa kuwa 1728, uliandikwa kwa mkono na kwa hati za Kiarabu, ukasomwa kwa sauti mbele ya watu. Katika miswada ya namna hiyo ubeti wa utenzi aghalabu huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikifuatana na kutengwa kwa alama. Ilipokuja mitambo ya chapa pamoja na hati za Kilatini, wahariri wengi waliuvunja mstari ule ukawa minne mifupi, mmoja chini ya mwingine. Mwanafunzi wetu wa leo hudhani kwamba utenzi ulizaliwa hivyo, kama ngazi. Umbo tunalolilinda kwa ukali kama urithi wa mababu ni matokeo ya chombo kubadilika.

Na kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Sehemu ya miswada hiyo ya kale imehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, nacho kimeipiga picha na kuiweka kwenye intaneti. Mwalimu wa Muyinga asiye na nauli ya kufika London aweza leo kuutazama mwandiko wa mkono wa watu wa Lamu na Mombasa. Atautazama wapi? Kwenye kioo cha simu ile ile anayoidharau.

Karatasi yenyewe nayo haikuheshimiwa sawasawa siku zote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi mengi ya wasomaji wake, nayo ilikuwa karatasi ya kusomwa leo na kufungia vitu kesho. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965 vijana waliipokea kwa hamu. Wahakiki wengi waliziita riwaya za namna hiyo riwaya pendwa, wakaziweka chini ya zile walizoziita riwaya dhati, na msomaji wake akahesabiwa mvivu. Leo riwaya hizo zinahakikiwa katika vyuo vikuu. Kosa la msomaji wakati ule halikuwa skrini, maana hakuwa nayo.

Hata hivyo hatusemi kwamba vyombo vyote ni sawa. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakaona kuwa wasomao kwenye karatasi huelewa zaidi kidogo kuliko wasomao kwenye skrini, hasa wakiwa na haraka. Lakini tofauti hiyo ilionekana katika maandishi ya kutoa maarifa. Katika hadithi tupu haikuonekana. Basi mwalimu anayemtaka mwanafunzi asome sura ya sarufi kwenye karatasi ana hoja. Anayemkemea dereva kwa kusoma hadithi kwenye simu hana.

Kwa shairi, madhara ya simu twayaona kwa macho. Mshororo wa mizani 16 haukai katika upana wa kioo kile. Simu huukata ipendapo, labda baada ya mizani ya kumi na moja, na mabaki yakaanguka chini. Kina cha kati, ambacho mahali pake ni mwisho wa ukwapi, kinajikuta katikati ya mstari kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Mwanafunzi anayehesabu kwa macho atasema ubeti una mishororo minane, au sita, kadiri ya ukubwa wa maandishi yake. (Mashairi huru ya Kezilahabi katika Kichomi, cha mwaka 1974, ambayo watetezi wa vina walikataa kuyaita mashairi, huenda yakakaa vizuri zaidi, maana mistari yake mingi ni mifupi. Hilo si la kuamulia ubora wa upande wowote.)

Twarudi kwetu. Kiswahili hufundishwa katika shule za Burundi, lakini diwani na riwaya hutoka zaidi Dar es Salaam na Nairobi, na zikifika Muyinga bei yake huwa imekwishapanda mlima pamoja na lori. Sehemu kubwa ya vijiji haina umeme. Hata simu huchajiwa sokoni kwa fedha. Asomaye ubeti kwenye simu hapa ameulipia ubeti huo.

Katika darasa moja la upande huo tulimsikia msichana akighani beti tatu za shairi la mizani 16. Mwalimu alimwuliza kitabu chake kiko wapi. Akasema alizisoma kwenye simu ya kaka yake. Darasa likacheka, mwalimu akatabasamu pamoja nao, akamwambia siku nyingine alete kitabu. Hatukumsikia tena akijitolea kughani. Baada ya kipindi alituonyesha ile simu: mishororo imekatwa ovyo, vina vimetawanyika, kiitikio kimegawanyika mara mbili. Naye alikuwa amepumzika mahali panapostahili, baada ya mizani ya nane, katika kila mshororo wa beti zote tatu. Hakuna aliyemwuliza alijuaje.