Uvimbe wa Figo: Istilahi Moja, Maradhi Mawili

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizoachwa zijiendee zenyewe, hakuna inayotutia wasiwasi kama "uvimbe wa figo". Neno uvimbe hutumika kwa mambo mawili yasiyo na udugu. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kuchuja damu huvimba miguu na uso, kwa kuwa maji yamebaki mwilini. Huo ni uvimbe. Mwenye saratani ya figo ameota nyama ngeni, aghalabu katika figo moja tu, na ile ya pili yaweza kuwa inafanya kazi barabara, wala mguu haukuvimba. Nao huo tumeuita uvimbe. Wa kwanza huenda akahitaji kusafishwa damu. Wa pili, ikiwa saratani haijatoka nje ya figo, kwa kawaida hupasuliwa: huondolewa figo nzima, au sehemu yake tu endapo nyama ni ndogo, hasa isiyozidi sentimita 4. Msomaji aliyefundishwa kutazama miguu atangoja dalili isiyokuja.

Twapendekeza "kivimbe" kwa nyama hiyo, na "uvimbe" ubakie kwa kujaa maji. Watakaosema kwamba ki- ni ya udogo wakumbuke kichwa na kifua.

Makosa ya namna hii si yetu peke yetu. Mwaka 1883 Paul Grawitz, Mjerumani, alidhani kwamba saratani hii hutokana na vipande vya tezi iliyo juu ya figo vilivyopotea njia. Jina likaundwa kwa dhana hiyo, nalo likaendelea kutumika muda mrefu baada ya kujulikana kuwa chanzo ni chembe za vijifereji vya figo yenyewe.

Hatari zaidi ni "kukojoa damu". Pwani, Unguja na Pemba, maneno hayo hueleweka mara moja kuwa kichocho, na kwa mtoto mara nyingi ndivyo. Lakini kwa mtu wa miaka 60, damu isiyo na maumivu yaweza kuwa ishara ya saratani ya figo au ya kibofu. Naye akinywa dawa ya kichocho, damu ikakoma (maana damu ya saratani huja ikakoma yenyewe), hujihesabu amepona. Hatukubaliani kabisa na mfasiri aandikaye "kichocho" kila akutanapo na damu katika mkojo.

"Hatua", yaani saratani imeenea hadi wapi, na "daraja", yaani chembe zake zimegeuka kiasi gani, ni maneno mazuri. Anayeandika "kiwango" kwa yote mawili hana udhuru.

Imebaki "tiba ya kinga". Saratani ya figo iliyoenea huitikia kwa nadra dawa za kemikali zilizozoeleka. Katika miaka hii, tangu 2015 hasa, zimeingia dawa zinazouchochea mwili wenyewe upambane nayo. Lakini kinga, kwa Mswahili, hutangulia maradhi. Mgonjwa ataelewa chanjo, na nduguze wazima watauliza kwa nini wao hawapewi. Twaona bora "tiba ya kuamsha kinga". Ni ndefu, mwenye neno fupi lisilopotosha na atuletee.