Saa ya Radi: Jinsi Tulivyoipanga Siku Moja ya Busia, Tororo na Kakapel

Saa nane mchana. Hiyo ndiyo saa ya kwanza tuliyoiandika kwenye karatasi, kabla hata ya kuandika saa ya kuondoka.

Tulikuwa tumeketi kibarazani kwa mama mdogo, Busia upande wa Kenya, tukipanga kuwatembeza watoto katika likizo ya Aprili. Tulikuwa watu wanane, gari moja, na sharti la mama mdogo mwenyewe: usiku huo kila mtu alale kitandani kwake. Orodha ya mahali pa kuona ilikuwa inazidi kurefuka. Binamu yangu wa Tororo alipopigiwa simu hakuuliza tunataka kuona nini. Alisema, "Saa nane isiwakute juu ya jiwe."

Jiwe alilolisema ni Mwamba wa Tororo, ule unaoonekana kutoka mbali ukiwa umesimama peke yake kama kisiki cha mti mkubwa uliokatwa. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na mji ulio chini yake uko karibu mita 300 chini zaidi. Onyo lake halikuwa uoga wa mwenyeji. Vitabu vya rekodi vya dunia viliutaja mji wa Tororo kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kwa hesabu za 1967 hadi 1976. Sababu iko kwenye ziwa na mlima. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria; hewa ya bara hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka ziwani huingia kuijaza nafasi iliyoachwa. Kaskazini mashariki, miteremko ya Mlima Elgon nayo huvuta hewa juu. Kufikia adhuhuri mawingu yameanza kurundikana, na alasiri huachia. Sasa weka katikati ya hayo mwamba mmoja mrefu wenye minara ya mawasiliano kileleni na ngazi za chuma ubavuni, halafu utundike watoto watano kwenye ngazi hizo.

Wapangaji wengi wa safari za siku moja huanza na vivutio, wakapima kilomita, wakagawanya kwa mwendo wa gari. Hesabu hiyo inafaa pale ambapo mbingu haina neno. Katika nchi ya miamba na makorongo, hali ya hewa hukata siku vipande kabla yako. Septemba 2019, watu 7 walikufa katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, waliposombwa na maji ya ghafla. Aprili 2012 vijana 7 walikuwa wamekufa katika korongo hilo hilo kwa namna hiyo hiyo. Korongo hukusanya maji ya mvua iliyonyesha mahali usipopaona, na mwamba mrefu hukusanya umeme. Mpango wa safari ya namna hii hujengwa kuanzia saa ambayo mahali fulani pataacha kuwa salama, kisha unarudi nyuma saa baada ya saa hadi kitandani unakoamkia.

Tulirudi nyuma hivi. Saa nane ndiyo mwisho, lakini hakuna anayepanga kufika mwisho. Tukaweka saa sita kamili kuwa saa ya kuwa chini, miguu yote iko kwenye majani. Kushuka na watoto, saa nzima. Kukaa kileleni, nusu saa. Kupanda, saa moja na nusu, ingawa kijana mwenye miguu mizuri huhitaji saa moja tu. Kwa hiyo tuanze kupanda saa tatu asubuhi, tuwe Tororo mjini saa mbili na nusu, na mpakani tuwe kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mama mdogo alipoambiwa uji uwe mezani saa kumi na moja alfajiri, alicheka akasema utakuwa tayari saa kumi na nusu.

Mahali pa kuona palipokwisha kupangwa kwa saa, orodha ilijikata yenyewe. Nyero, yale mapango ya michoro wilayani Kumi yenye duara nyekundu ndani ya duara, yaliyoandikwa habari zake tangu 1913 na yaliyomo katika orodha ya matarajio ya UNESCO tangu 1997, niliyataka sana. Lakini kutoka Tororo hadi Mbale ni kama kilomita 45, na kutoka Mbale hadi Kumi ni zaidi ya hapo. Kwenda na kurudi ni kilomita 200 za ziada, na zote zingeangukia saa za mvua. Maporomoko ya Sipi vivyo hivyo. Niliona uchungu kuyafuta. Ila familia nilizowahi kuona zikirudi zimechoka na zimenuna ni zile ambazo hazikukubali kufuta kitu.

Swali gumu lililobaki lilikuwa la mwelekeo. Busia, Tororo na Malaba ni kama pembe tatu za kipande cha sambusa: Busia kusini, Tororo kaskazini, Malaba mashariki ya Tororo, na barabara ya kama kilomita 30 inashuka kutoka Malaba kurudi Busia ndani ya Kenya. Unaweza kuizunguka kwa kuanzia Malaba au kwa kuanzia Tororo. Kwenye ramani ni sawa. Barabarani si sawa hata kidogo, kwa sababu Malaba ni lango la malori. Mizigo ya Mombasa inayokwenda Kampala, Kigali na hata Kongo huja ikipanga foleni upande wa Kenya. Wakati wa korona mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa, foleni ile ilienda kilomita nyingi hadi watu wakawa wanapika na kufua kandokando ya barabara. Malori yanayorudi Kenya mengi hayana mzigo, na karatasi zake ni chache. Kwa hiyo ukiingia Uganda kwa Busia alfajiri na kurudi Kenya kwa Malaba mchana, unakwenda kinyume cha mto wa mizigo. Radi ilitaka Tororo iwe ya kwanza, na malori yakakubaliana nayo.

Mpaka wenyewe ulitutaka maandalizi zaidi ya siku yote iliyobaki. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa, na watu wazima hawakuwa na shida. Mtoto hana kitambulisho, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Vyeti vya kuzaliwa na hati za muda za kusafiria za watoto zilishughulikiwa siku tatu kabla. Gari lilihitaji kitabu chake cha usajili, kibali cha kuliingiza nchini kwa muda, na ile kadi ya njano ya COMESA inayopanua bima yako ivuke mpaka. Gari lilikuwa la shemeji, ambaye hakusafiri nasi, kwa hiyo tulihitaji pia barua yake ya kuturuhusu kulitumia. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa karibu kuiua safari: ilikumbukwa saa tatu usiku, mwenye gari akiwa ameshalala.

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018, na kuelewa kinavyofanya kazi kunakuokolea nusu saa. Usisimame upande unaotoka. Unapita moja kwa moja hadi jengo la nchi unayoingia, na humo ndani maafisa wa nchi zote mbili wamekaa jirani: mmoja anakutoa, wa pili anakupokea. Tulikuwa na kipande cha karatasi kilichosema nani anashika nini, watoto wakiwa wamepangwa kwa umri nyuma ya dada yangu. Tulimaliza kabla jua halijatoka vizuri.

Mji huu una haki yake katika lugha yetu, nami niliwaeleza watoto tukiwa tunasubiri kubadilisha pesa. Hapa, miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walikuwa wakibeba watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakiita wateja kwa Kiingereza cha haraka: toka mpaka hadi mpaka, boda kwa boda. Neno lililoanzia kwenye kipande kile kifupi cha barabara sasa linasikika Dar es Salaam na Goma.

Kutoka Busia hadi Tororo kuna njia mbili. Ya lami inaelekea magharibi kupitia Busitema hadi ikutane na barabara kuu, kisha unarudi mashariki. Fupi inapanda kaskazini moja kwa moja, chini ya kilomita 40, nasi tuliikuta ya murram. Uamuzi tuliuacha kwa mwenye boda wa kwanza tutakayemkuta. Swali lilikuwa moja: jana usiku kulinyesha? Akasema hapana. Tukapita njia fupi, na saa mbili na dakika ishirini mwamba ulikuwa umejaza kioo cha mbele.

Karibu kila anayelipiga picha jiwe hili hulichukua kama mandhari tu, na hilo hunisikitisha, kwa sababu ni kiini cha volkano ya kale iliyokwisha kulika pembeni. Tena si volkano ya kawaida. Uji wa moto uliopanda hapa ulikuwa na kabonati nyingi, jamaa wa ule unaotoka leo kwenye Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, volkano pekee duniani inayotema kitu cha namna hiyo kwa sasa. Ulipopoa ukawa jiwe lenye chokaa. Ndiyo sababu Tororo ni mji wa saruji: kiwanda kilijengwa hapa miaka ya 1950 kwa sababu chokaa ilikuwa mlangoni. Mpwa wangu wa miaka tisa alipouliza kwa nini mwamba ni mweupe mahali ulipovunjika, nilimwonyesha moshi wa kiwanda, nikamwambia kuna nyumba nyingi Uganda zilizojengwa kwa ndugu za jiwe alilokanyaga.

Mama mdogo alibaki chini kivulini na mtoto mdogo kuliko wote. Sisi sita tulipanda na kijana mwenyeji aliyetuongoza. Kwenye ngazi tulikuwa na kanuni tatu: mtu mzima nyuma ya kila watoto wawili, mkono mmoja hauachi chuma mpaka wa pili umeshika, na simu zote mfukoni. Juu, Elgon ilikuwa wazi kaskazini mashariki, na upande wa mashariki nyumba za Malaba ziling'aa mabati. Binti ya dada aliuliza mpaka uko wapi. Hauonekani. Mto Malaba ulionekana, ila mashamba ya ng'ambo mbili yalifanana, na Wateso wanaolima kushoto ni ndugu wa wanaolima kulia.

Niliwafundisha kuhesabu. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, ugawanye kwa tatu. Hizo ndizo kilomita. Sekunde zikiwa chini ya thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi, na huo si wakati wa kuwa juu ya kitu chochote. Hatukuwa na cha kuhesabu bado. Lakini saa tano hivi wingu lilianza kusimama upande wa ziwani, jeupe, lenye kichwa. Tukashuka. Saa sita kasoro dakika kumi tulikuwa kwenye majani, na chapati za rolex zilikuwa zimeshaagizwa.

Malaba ilitumia dakika arobaini. Nilikuwa nimeipa saa moja na nusu, na muda ule uliobaki sikuuongezea kivutio kipya ingawa niliombwa. Akiba ya muda ukiila mchana, usiku utaidai.

Kakapel iko katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, mashariki ya Malaba. Ni eneo la kumbukumbu ya kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kwa maoni yangu ndio mahali penye thamani kubwa kuliko pote katika kaunti ya Busia, ingawa mabasi hupita barabara kuu kila saa bila abiria kujua. Ni ukuta wa mwamba ulioinama mbele kama ukingo wa paa. Ukutani kuna michoro ya zama zaidi ya moja, mmoja juu ya mwingine: duara na alama nyekundu na nyeupe za wawindaji wa kale, kisha ng'ombe wa watu waliokuja na mifugo. Ardhini wachimbaji wamekuta alama za watu walioishi hapa miaka 9,000 iliyopita. Julai 2024 watafiti walichapisha habari za mbegu zilizochimbwa hapa, na miongoni mwake kulikuwa na kunde yenye umri wa kama miaka 2,300. Kunde hizi hizi tunazokula. Mama mdogo alisikia hayo akasogea karibu na mahali palipochimbwa, akainama, asiseme kitu kwa muda.

Mvua ilitukuta pale saa kumi. Ilikuwa imepangwa itukute pale; kwenye karatasi, mbele ya Kakapel, tulikuwa tumeandika neno moja, "paa". Ilipiga kwa nguvu, maji yakawa yanashuka kwenye ukingo wa mwamba kama pazia, nasi tukiwa wakavu pamoja na ng'ombe waliochorwa. Watoto walihesabu: sekunde kumi na nane, kumi na mbili, kisha ishirini na saba. Mpwa wangu akaugeukia ukuta akauliza kama waliochora walikuwa wamekuja kujificha mvua pia. Mwenyeji aliyetutembeza alisema ndivyo wazee wanavyodhani, na kwamba hata yeye akiwa mchunga ng'ombe alikimbilia hapo hapo.

Njia ya udongo kurudi barabara kuu ilituchelewesha. Gari liliteleza mara mbili na watu wazima tukashuka kusukuma. Tuliingia Busia saa mbili kasoro robo usiku, dakika arobaini na tano nyuma ya karatasi. Mama mdogo alitandika mkeka, akatoa kunde zilizochambuliwa tangu jana, na watoto wakaanza kubishana ni nani atazibandika jikoni.