Maji Yanayoshuka Kimya

Nyumba ya mwalimu iko kwenye mteremko, kama zilivyo nyumba nyingi za mji wa Geita. Ukitokea barabarani unaingia sebuleni moja kwa moja, lakini kwa nyuma ardhi inashuka, na chini ya sebule mna chumba kifupi alichokifanya stoo. Sebuleni lipo tangi la samaki: kioo cha milimita 10, urefu sentimita 120, upana 50, kina 50. Likijaa linabeba lita 300. Stoo litakaa tangi la pili, la kuchujia. Fundi amepewa kazi ya kuyateremsha maji hadi stoo na kuyarudisha juu, usiku na mchana, na aliyekaa kwenye kochi asisikie kitu.

Fundi wa kwanza aliweka bomba moja nene lililonyooka. Likakoroma mchana kutwa, mwalimu akavumilia miezi miwili, mwisho akazima pampu.

Fundi huyu wa pili aliyazoea maji kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, huko Rwamgasa na Nyarugusu, kabla hajashika kazi ya bomba. Pale mwaloni unga wa mawe kutoka karasha hupitishwa na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia. Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, hivyo hutangulia kutua. Ubao ukiinama mno, maji yanaikimbiza. Ukilala mno, mchanga unaziba magunia. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya kununua kwa ndoo, yanayotoka mwishoni hukusanywa shimoni, yakaachwa yatulie, yakarudishwa juu tena. Mtu aliyekaa miaka kwenye ubao huo hahitaji kuelezwa maana ya mwinamo.

Siku nzima ya kwanza hakukata hata bomba moja. Alikuwa na tepu, pimamaji na penseli tu. Alimuuliza mwalimu mara mbili kama kioo cha nyuma kimepitishwa motoni kiwandani, kwa sababu kioo cha aina hiyo hakitobolewi: biti ikikigusa, chote kinavunjika vipande vidogo. Mwalimu akaleta karatasi ya muuza vioo. Fundi akaisoma hadi mwisho, akaikunja, akamrudishia.

Kesho yake alilaza tangi kifudifudi juu ya godoro. Biti yake ni mfano wa kikombe cha chuma, mdomo wake umepakwa chembe za almasi. Chembe hizo hutengenezwa viwandani, si zile za mgodi wa Mwadui. Hata hivyo ni vigumu mtu wa mkoa wa Shinyanga au jirani yake kuitazama biti hiyo asikumbuke mgodi ule ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940, na jiwe la waridi la karati 54.5 lililotoka pale mwaka 1947, akazawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Almasi ya fundi haing'ai. Ni ya kijivu, na inakula kioo.

Alifinyanga udongo, akauzungushia alama kama ukuta wa kisima kidogo, akamimina maji ndani ili biti isipate moto. Alianza akiwa ameinamisha drili, hadi mdomo wa biti ulipochora mwezi mwandamo juu ya kioo; ndipo akaisimamisha taratibu, mwezi ukatimia duara. Hakuisukuma. Uzito wa drili wenyewe ulitosha. Maji yakawa meupe kama uji mwepesi, na kila baada ya muda aliinua drili, akayabadilisha. Karibu na mwisho mlio ulipanda kidogo, naye akapunguza mkono hata kabla sijatambua kwamba umebadilika. Kipande cha kioo kikabaki kimeshikwa na utepe wa karatasi wenye gundi upande wa pili, mviringo, bila jino hata moja. Akatoboa matundu matatu namna hiyo, karibu na ukingo wa juu, na asubuhi ikaisha.

Kwa nini matatu? Alinieleza huku akisugua kingo za matundu kwa msasa wa maji. Maji peke yake hayana kelele. Kinachopiga kelele ni maji yanayoshuka na hewa pamoja. Kwa hiyo bomba la kwanza atalinyima hewa kabisa: mdomo wake utazama, nalo litajaa tangu juu hadi chini, maji yajivute yenyewe. Bomba lililojaa hivyo huvuta kwa nguvu kuliko pampu inavyoleta, ndiyo maana kule stoo litafungwa getivalvu. Alikataa koki ya mpini, ile inayofungwa kwa robo ya mzunguko, kwa kuwa mkono ukiteleza kidogo tu kipimo kimepotea. Getivalvu unaizungusha mara nyingi, na kila mzunguko unabana kidogo sana. Bomba la pili mdomo wake uko juu zaidi. Linachukua ziada ndogo, inayoteleza kwenye ukuta wa bomba kama jasho. La tatu ndilo la juu kuliko yote, na halichukui kitu maadamu yale mawili hayajaziba.

Kuunganisha kulikwenda haraka kuliko nilivyotazamia, kwa sababu maandalizi yalikuwa yamekwisha. Alikata kwa msumeno wa chuma, akakwangua mabaki kwa kisu, akapanga kila kitu bila gundi na kuchora mstari wa penseli unaovuka kila kiungo. Penye kona alitumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Hakuacha bomba lolote likilala, maana hewa hujificha penye bomba lililolala. Kisha akafungua, akapaka gundi, akasukuma huku akizungusha robo, mistari ya penseli ikakutana, akashikilia akihesabu hadi thelathini. Penye zege ya sakafu alipitisha kila bomba ndani ya bomba kubwa lenye sifongo, lisigusane na nyumba. Pampu aliikalisha juu ya kipande cha kandambili.

Miisho ya mabomba aliizamisha sentimita mbili tu katika tangi la chini. Ikizama zaidi, hewa ya mwanzo inashindwa kutoka na maji hayaanzi kujivuta.

Alipowasha, bomba la kwanza lilikohoa, likatapika mapovu dakika nzima, kisha likanyamaza. Fundi akaenda stoo, akazungusha getivalvu kidogo, akapanda sebuleni na kutazama kimo cha maji. Akashuka tena. Nilihesabu safari kumi na moja za ngazi. Kati ya safari na safari alikaa, kwa sababu maji huchelewa kuonyesha yalichoamrishwa.

Mwishoni aliomba umeme uzimwe kwenye mita. Mwalimu akashtuka, lakini hapa umeme hukatika, na tangi lisilojaribiwa kwa hilo linaweza kufurika usiku wenye nyumba wamelala. Maji ya juu yakashuka hadi usawa wa midomo. Bomba la kurudishia nalo likaanza kuyanyonya kinyumenyume, mpaka kitundu kidogo alichokitoboa chini kidogo ya uso wa maji kilipofunuka, kikavuta hewa, mnyonyo ukakatika. Stoo maji yakapanda na kusimama vidole vitatu chini ya ukingo. Fundi akachora mstari pale kwa kalamu nzito.

Samaki bado. Tangi lazima likae wiki kadhaa hadi bakteria waote kwenye mawe ya tangi la chini, wale wanaoigeuza amonia inayotolewa na samaki. Mwalimu anataka furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao aina zao nyingi zilitoweka miaka ya 1980 baada ya sangara kutawala. Baadhi leo wanaishi kwenye matangi tu, ng'ambo.

"Wabeja, fundi," mwalimu alishukuru, akitega sikio. Fundi hakujibu upesi. Alikuwa ameingiza kidole katika bomba la tatu, lile ambalo alilipaka gundi na kulipima sawasawa na wenzake, akakitoa na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kikavu.