Mgeni wa Jakálla: kuhusu dunia aliyoibuni Profesa Barker

Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya ushairi, lakini mpwa wangu kanivuruga ratiba. Kijana huyu, mzaliwa wa hapa Minneapolis, kila Jumamosi hukaa mezani na wenzake, wana dadu, karatasi na mkoba wa vitafunio, wakijifanya watu wa nchi isiyokuwepo. Mmoja wao ni mwamuzi, ndiye anayewaeleza wenzake wanachokiona na kinachowapata. Zamu yake ilipofika akanipigia: "Shikamoo mjomba. Wewe ni mtu wa fasihi, hebu nisaidie kujenga mji."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Maana mchezo huo, jamani, umezaliwa mlangoni petu hapa na wengi wetu hatuna habari. Mwaka 1969 David Wesely aliwachezesha wenziwe wa hapa mchezo wa vita uitwao Braunstein, kila mmoja akapewa mtu wake na haja zake badala ya jeshi. Dave Arneson, mwanafunzi wa historia, akaendeleza jambo hilo katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake huko Saint Paul, akabuni Blackmoor, ngome yenye mahandaki chini yake. Kwa kushirikiana na Gary Gygax wa Wisconsin ikatoka Dungeons & Dragons mwaka 1974. Mwaka uliofuata, 1975, kampuni ileile ikachapa Empire of the Petal Throne cha Profesa M. A. R. Barker wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia.

Barker alikuwa mmoja wetu, kwa maana ya kazi. Mwanaisimu. Alizaliwa 1929 jimbo la Washington, akaandika sarufi na kamusi ya Kiklamath, lugha ya Wahindi Wekundu wa Oregon, akasilimu akiwa India na kuitwa Muhammad Abd-al-Rahman, akatunga vitabu vya kufundishia Kiurdu na Kibaluchi ambavyo vilitumika miaka mingi. Dunia yake, Tékumel, ina lugha yenye sarufi kamili, Kitsolyáni, na sarufi hiyo ilichapwa. Kuna koo, mahakama, miungu, faini, namna ya kumsalimia mkubwa na namna ya kumsalimia mdogo. Chuma ni adimu na usiku hauna nyota. Watu wake si Wazungu na majumba yake si ya Ulaya ya zama za kati; nyuma yake unaziona India, Misri na Wamaya.

Tazameni namna anavyofikiri. Michezo mingi ina mashimo chini ya miji yenye mazimwi na hazina, na hakuna anayeuliza nani kayachimba. Barker anauliza. Kule kuna desturi iitwayo ditlána: baada ya kila miaka mia tano hivi mji hubomolewa kwa ibada na kujengwa upya juu ya ule wa kale. Basi ukishuka chini unashuka katika historia. Hilo ni jibu la msomi, na mpaka leo sijaona lililo bora.

La pili lilinigusa zaidi. Mchezaji mpya haanzi kama shujaa. Anashuka melini katika bandari ya Jakálla akiwa mgeni, mshenzi asiyejua lugha, na anatakiwa akae mtaa wa wageni. Akivuka mipaka bila idhini, akamkosea mtu wa cheo, anaweza kutundikwa mtini akafa. Nilipoisoma mara ya kwanza nikajiona mimi mwenyewe na sanduku langu, uwanja wa ndege, sijui nisimame foleni ipi. Nikasema wallahi, huyu anaujua ugeni.

Sasa uchungu. Barker alifariki Machi 2012. Miaka kumi baadaye, Machi 2022, taasisi inayotunza kazi zake ilikiri hadharani kwamba ndiye aliyeandika, kwa jina la uongo, riwaya Serpent's Walk ya 1991, iliyotolewa na wachapaji wa Kinazi wa Marekani. Ni hadithi ya wafuasi wa Hitler waliojificha na warithi wao wanaotafuta utawala, na mwandishi yu upande wao. Tena alikuwa katika kamati ya ushauri ya jarida linalokanusha mauaji ya Wayahudi. Mtu aliyesoma Qurani na Kiurdu, aliyekaa na wazee wa Kiklamath akiandika maneno yao!

Wapo wasemao tutenganishe kazi na mtu. Nimejaribu. Nikakirudia kitabu cha 1975 na yaleyale niliyoyasifu yakanitazama kwa jicho jingine. Kila mtu ana ngazi yake. Heshima ni kukaa kwenye ngazi hiyo. Adhabu inakuja upesi na hakuna anayeona ajabu. Zamani niliona huo ni uaminifu wa mtafiti asiyetaka kuhukumu mila za wenyewe. Leo nashuku kuwa mbunifu aliipenda ngazi yenyewe. Sisemi kitabu hicho ni cha Kinazi, hapana, hilo halimo. Nasema utulivu wake mbele ya ukatili si utulivu nilioudhania.

Hapo nikamkumbuka Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni nchi ya angani, na kwa vitu ni nyembamba mno: huwezi kujua watu wake wanakula nini. Barker angemcheka. Lakini kina wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema ya huko, wakafungwa gerezani. Na kina Karama, anayesimama kizimbani akaihoji sheria ya nchi yake. Tékumel ina sheria nyingi kuliko Kusadikika, na Karama simwoni.

(Kitabu Nyambe cha 2002, cha Atlas Games ya hapahapa Minnesota, kilijaribu kutupa Afrika ya mezani. Nia njema, lakini jina ni la Mungu wa Walozi na humo mna orisha wa Wayoruba. Pilau yenye ndizi na semolina.)

Basi mpwa wangu nilimpa Gedi: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, vigae vya Kichina, mji uliohamwa ukamezwa na msitu karibu na Malindi. Na mtaa wa wageni nikamwambia auchukue kwa Barker, huku nikimweleza Barker ni nani. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Sawa, mjomba, wataambiwa wote kabla hatujaanza."

Wakacheza. Msichana mmoja wa wazazi wa Kisomali, mgeni mjini, akakamatwa nje ya mtaa wake. Badala ya kupigana au kutoa rushwa akaomba asikilizwe. Saa mbili nzima hawakutupa dadu hata mara moja. Kisha akamwuliza kadhi: sheria hii aliiandika nani, na lini?

Mwamuzi hakuwa na jibu, wakaahirisha. Kanipigia saa sita ya usiku kuniuliza mimi.