Nyumba ya Kijapani: Nimeiona, Nimekwisha!

Nimeipitia chumba kwa chumba kwenye simu mpaka bando likakata, na sasa makochi yangu yananitia hasira. Ndugu zangu wa Nalasi, tulikuwa wapi?

Anzia mlangoni. Pana kijisehemu cha chini, genkan. Unavua viatu hapo ndipo upande ndani. Sisi nasi tunavua tangu enzi za mababu, ila ndala zetu zinatapakaa barazani. Mjapani kazitengea mahali pake!

Ukipanda na kuingia chumbani, mguu unakanyaga tatami. Hapa nilipiga kelele. Ni mkeka wa nyasi za igusa uliofumwa na kuwambwa juu ya mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, unene kama sentimita 5, urefu karibu 180, upana nusu yake. Na chumba wanakipima kwa mikeka! Cha tatami 6 ni karibu mita za mraba 10. Hebu mwambie fundi wako, "Nijengee chumba cha mikeka sita," uone atakavyokutazama.

Usiku futoni, godoro lao la kukunjwa, inatandikwa sakafuni. Asubuhi inakunjwa, inaingia kabatini, na pale mlipolala panakuwa sebule. Jamani! Sisi wa vyumba viwili, wageni wakifurika msimu wa korosho, tunataka nini tena? Meza yenyewe fupi, mnakaa chini kama tulivyozoea kwenye mkeka wa ukindu, tena kwa heshima zote. Ukutani wanaacha shubaka, tokonoma: picha moja, ua moja. Basi! Wenye maua ya plastiki juu ya runinga, poleni.

Kasoro? Shoji, ile milango ya kusukuma pembeni, ni fremu za mbao zilizobandikwa karatasi. Mwanga wake ni laini ajabu, lakini karatasi kwa watoto hawa wetu haimalizi wiki. Seremala atengeneze fremu za mninga, tuwambe kitambaa cheupe cha pamba, yaishe. Jingine ni mchwa: ukilaza mabua ya mpunga kwenye sakafu yenye unyevu, umewaandalia karamu. Nyumba zao za jadi zimeinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite chini, na hilo ndilo la kuiga kwanza.

Nawapa alama 9 kati ya 10. Moja nimeikata kwa ajili ya karatasi. Anayejenga mwaka huu baada ya mauzo ya korosho, aanze na sakafu.